Nimeogelea Ili Uende Lodwar

Mbotela, jioni

Nekesa mama,

Umetoka sasa hivi kwenda Huruma kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia mpaka uonje kila kilicho jikoni mwake, kwa hivyo nina nafasi ya kukuandikia. Nimefunika cherehani nikaigeuza meza. Begi lako liko mlangoni. Kila nikipita kwenda kuchota maji nalikwepa, na kila nikilikwepa nacheka peke yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala chandarua, wala namna ya kuchagua marafiki. Wewe ni muuguzi. Kwa mambo hayo wewe ndiye uliyenilea mimi mwaka huu, tena hukunionea huruma. Uliificha chumvi juu ya kabati nikaipata. Ukaificha nyuma ya picha ya arusi yetu, na hapo sikuipata mpaka uliponionyesha mwenyewe, kwa sababu sikudhani mtoto wangu angemtumia marehemu baba yake kwa kazi kama hiyo.

Nataka kukuandikia juu ya Jumapili iliyopita. Ndiyo, ulikuwepo. Lakini ulikuwepo kama muuguzi, na ukiwa muuguzi unaangalia mapafu na mishipa. Kuna mambo hukuyaona, na sitaki upande basi kesho bila kuyajua.

Nianze na majoho ya kwaya. Unakumbuka nilikuwa nayashona, yale ya zambarau, na siku zilikuwa zimeniishia. Dawa za presha nilikuwa nimeziacha bila kukuambia. Zilikuwa zinanipeleka haja kila mara, na choo chetu ni cha safu nzima ya nyumba, foleni yake unaijua. Nikaamua nitamaliza majoho kwanza, ugonjwa nitauguza baadaye. Ndivyo nilivyofikiri, mama, na nilijiona mwerevu sana.

Nilianguka nikishona mkono wa joho la Baba Shiku. Huyu jirani yetu amesambaza mkate kwa baiskeli miaka yote tuliyoishi hapa, na kwaya nzima hakuna anayeimba sauti ya chini kama yeye. Wewe na yeye mkanibeba hadi kliniki. Nilipofungua macho nilikukuta umeniinamia na uso ambao sikuwahi kuuona. Upande wako wa mtoto uliogopa, lakini upande wa muuguzi ulikuwa umekasirika.

Kisha ikaja ile simu ya Lodwar. Tena si Lodwar yenyewe, ni zahanati iliyo mbali na mji, mahali ambapo mtu akitaka mtandao anapanda kilima. Walitaka muuguzi wa akina mama na watoto, kazi uliyoililia tangu ukiwa shuleni. Walisema nyumba ya kukaa ilikuwa bado inajengwa, kwa hivyo ungeenda baada ya miezi kadhaa. Ulikata simu ukaketi kitandani.

“Siendi, Mathe.”

“Utaenda.”

“Nikienda nani atakucheki? Ukianguka tena nani atakubeba? Na Baba Shiku akiwa ametoka na mkate je?”

Nilikuambia tena kwamba utaenda, kwa sauti kubwa, mpaka majirani wakasikia. Sasa nakuambia nisilolisema: moyoni nilifurahi. Niliwaza, mtoto wangu anabaki. Jioni hiyo nilipika chapati, na wewe ulidhani nakufariji. Nekesa, nilikuwa nasherehekea.

Furaha hiyo haikudumu. Kesho yake nilikuona umefua sare zako za chuoni, ukazikunja vizuri sana, ukazisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani kabisa, kama mtu anavyoweka nguo za mtu ambaye harudi. Hukulia wala hukulalamika. Ukaja ukaniuliza kama nimemeza dawa. Nilimeza, na aibu ikashuka pamoja na ile dawa. Nikajiuliza, mimi ni mama wa namna gani, nimeumwa mara moja tu na tayari nimemfunga mtoto kamba mguuni.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu Odera na mambo yake. Tangu astaafu kufundisha michezo shuleni, yeye hukusanya watu wa presha na wa sukari katika uwanja wa kanisa na kuwanyoosha mikono. Siku moja, nikiwa miongoni mwao, alitangaza kwamba safari hii tutajaribu mwili kwa njia tatu: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, moja baada ya nyingine, bila kwenda nyumbani kulala katikati.

“Haya si mashindano,” alisema. “Ni kujua mwili wako umefika wapi. Hata ukimaliza jua limetua, umemaliza.”

Watu walicheka. Mimi niliinua mkono. Nilipokuambia nyumbani ulicheka mpaka ukashika ukuta.

“Mathe, wewe? Si wewe hata maji ya mvua ikiingia kwa kiatu unaita jina la Yesu?”

“Nikimaliza yote matatu, bila kushikwa mkono na mtu yeyote, unaenda Lodwar.”

“Na usipomaliza?”

“Unabaki, na sitakuuliza tena.”

Niliona unanipima kwa macho, kuanzia miguuni ukipanda.

“Daktari akikubali,” ulisema. “Na dawa unameza mbele yangu. Na kuogelea nitakufunza mimi, si mtu mwingine.”

Daktari wa kliniki aliposikia mbio, za kuchanganya na kutembea, alifurahi. Aliposikia baiskeli akasema polepole. Aliposikia kuogelea akavua miwani, akaniuliza kama nimesema kuogelea. Alinipima, akanipa wiki kadhaa za kujiandaa, akanipima tena, ndipo akakubali. Wewe nawe hapo ulijichongea, maana ulijifunza kuogelea ukiwa msichana mdogo katika bwawa la kituo cha vijana, ukirudi nyumbani nywele zinanuka dawa ya maji, na mtu anayependa kitu hivyo hawezi kukifundisha vibaya hata akitaka. Nilikuwa nakuchunguza, mwanangu. Nilitaka kuona kama utanifundisha ovyo ili nishindwe upate sababu ya kubaki. Kila wiki ulinifundisha vizuri zaidi, na kila wiki uso wako ulizidi kuwa wa mtu anayeiuza nyumba yake mwenyewe.

Lakini kwanza nguo. Sokoni Gikomba kuna nguo za kuogelea za mitumba tele. Nikasema, fundi mzima kama mimi nikanunue nguo iliyokatiwa mtu mwingine? Nikashona yangu, kwa kitambaa kilichobaki cha majoho: mikono mpaka kwenye kiwiko, miguu mpaka gotini. Kola pia nikaweka. Na ndani nikaitia bitana. Unajua msimamo wangu juu ya bitana. Mteja akija na haraka zake, akiniambia, “Mama Nekesa, hiyo kitambaa ya ndani wacha tu, nani ataiona?” namrudishia kitambaa chake na pole. Nguo isiyo na bitana ni nguo ambayo fundi ameitoroka katikati ya kazi.

Ulipoiona hukusema neno. Nafikiri uliona heri maji yaniambie.

Niliingia upande wenye maji ya kiunoni, na kwa muda mfupi nilikuwa malkia. Halafu maji yakapata njia kati ya kitambaa na bitana. Yakaingia, yakakataa kutoka. Tumbo likavimba, mgongo ukavimba, makalio ndiyo usiseme. Nilipopiga hatua nilikuwa naburuta bwawa zima. Nikaenda kifudifudi, ukanivuta kwa ile kola. Ulipohakikisha napumua ulikaa chini kwenye sakafu yenye maji ukacheka hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

“Mathe,” ulisema ukipangusa macho, “hiyo bitana itoke.”

“Haitoki.”

“Poa. Basi mimi nabaki.”

Ulisema hivyo kwa mzaha, lakini nilikusikia. Tuliporudi nyumbani nikaketi hapa nilipo sasa na wembe, nikaanza kufumua. Sijawahi kufumua kazi yangu nzuri. Mwanzoni nilikasirika, nikakulaumu wewe, nikamlaumu Mwalimu Odera. Kisha hasira zikaisha kabla ya mshono kuisha. Ile bitana haikuwa na kosa. Ilikuwa imeshonwa vizuri kuliko nguo zote zilizokuwa katika bwawa lile. Ila haikuwa ya majini, na mimi nilikuwa nimeshikilia kuipeleka huko kwa sababu ndivyo nilivyozoea.

Ya baiskeli unayajua, na mtaa mzima unayajua, lakini nitayaandika ili ukiwa huko na siku imekuwa mbaya uwe na cha kusoma. Baba Shiku alinipa baiskeli yake ya mkate kwa moyo mmoja.

“Lakini hiyo sanduku ya nyuma haitoki,” alisema. “Imeshikana na kutu. Ata ukiiwekea maombi na spana, haitoki.”

Kukanyaga hakukunisumbua. Miguu hii imekanyaga cherehani tangu kabla hujazaliwa, na baiskeli ilipoihisi ilitii. Nilishuka barabara ya mtaa nikiona upepo umenijua jina. Nikafika kona ya wauza mboga, nikataka kusimama. Sasa, mimi nikitaka kusimamisha kitu kinachozunguka, mkono wa kulia hutangulia wenyewe kwenye gurudumu la pembeni la cherehani. Naliwekea kiganja, linasimama. Breki nilikuwa nimeonyeshwa, kweli. Lakini mkono haukuonyeshwa. Uliachia usukani, ukaenda kulitafuta gurudumu hewani, na mimi nikaenda ndani ya sukuma wiki.

Mama wa mboga alinitoa jani sikioni.

“Mama Nekesa, nikukatie ama utaenda nayo hivyo?”

Wewe hukucheka siku hiyo. Ulinipangusa goti, ukachukua kipande cha zambarau kutoka kwa kikapu changu cha vitambaa, ukakifunga kwenye breki ya kulia. “Gurudumu lako liko hapa sasa,” uliniambia. Mkono ukaelewa. Sijui ulijuaje kwamba mkono wa fundi unataka kuelezwa kwa kitambaa.

Sasa nije kwa Jumapili yenyewe.

Mwalimu Odera alichagua Jumapili kwa sababu viwanda vya Industrial Area vimefungwa na malori yamelala, na mchungaji alikubali baiskeli ziachwe kanisani ili mbio zianzie na kuishia langoni, mradi tumalize kabla ya ibada ya pili. Mama Mchungaji aliongeza sharti lake, kwamba tuvae kwa heshima. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nguo yangu ina kola. Asubuhi nilimeza dawa mbele yako, nikakunja gauni langu la kanisani na kitambaa cha kichwa, nikavitia ndani ya sanduku la mkate. Nilikuwa na mpango wa kuimba ibada ya pili nikiwa mkavu.

Bwawani tulikuwa watu wachache wa rika zote, na mimi peke yangu ndiye niliyeonekana kama mwanakwaya aliyepotea njia. Tukaingia. Kwenda kwa kwanza nilikwenda vizuri, mkono baada ya mkono kama ulivyonifunza. Kurudi, pale katikati ambapo miguu haifiki chini, mtu wa mbele yangu alipiga teke maji yakaniingia puani, na kila kitu nilichojua kikatoka. Niliona chini. Niliona vile vigae vya samawati viko mbali. Moyo ulianza kupiga jinsi ulivyopiga siku ya majoho, na nikasema moyoni, ndiyo hii.

Wewe ulikuwa unatembea ukingoni sambamba nami. Nilikuona umepiga magoti, umenyoosha mkono juu ya maji. Mkono wako ulikuwa karibu, Nekesa. Ningenyoosha wangu ningekushika. Mwalimu Odera alikuwa amesimama nyuma yako na hakusema kitu, maana alijua mapatano yetu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo hukuliona. Sikuuangalia mkono, niliuangalia uso. Nilidhani nitakuta woga. Nilikuta woga, ndiyo, lakini nyuma ya woga nilikuta kitu kingine ambacho nakijua kwa sababu ni mimi niliyepika chapati. Ulikuwa na nafuu. Sehemu yako ndogo ilikuwa inasema, ashike tu, yaishe, nibaki nyumbani. Ulikuwa unaogopa Lodwar, mama! Miezi yote hiyo nilidhani presha yangu ndiyo imekufunga, kumbe na wewe ulikuwa umeishika kamba upande wako. Mahali usipojua mtu, kilima cha mtandao, akina mama watakaokuja kujifungua na hakuna mkubwa wa kumuuliza ila wewe. Nani asingeogopa? Nilitaka kucheka, lakini maji yalikuwa mdomoni.

Basi nikafanya ulichonifunza. Nikageuka chali. Nikatandaza mikono, nikaangalia mbingu ya Nairobi, mawingu yale ya asubuhi, nikajiambia kwamba maji yanabeba watu wazima kila siku. Nikapumua. Moyo ukashuka polepole. Nilikusikia unaita, “Mathe! Mathe uko sawa?” na nilipiga miguu kidogo kidogo, chali hivyo hivyo, mpaka kichwa kikagonga ukuta. Nikageuka, nikaenda tena, nikarudi tena. Nilipotoka nilikuwa wa mwisho, na hakuna mkono ulionigusa. Nilikupita bila kukuangalia kwa sababu ningelia, na nilikuwa bado na baiskeli mbele yangu.

Baiskeli ilikuwa raha tupu. Naomba uamini. Jumapili asubuhi Lunga Lunga ni barabara ya kifalme, mageti yamefungwa, mabomba ya moshi yamenyamaza, walinzi wamekaa kwenye viti wanakunywa chai. Mmoja aliona sanduku akapiga kelele, “Mathe, leta mkate mbili!” Nikamwambia leo nimebeba gauni. Vijana wenye baiskeli nyembamba walinipita wakiinama, nami nilinyooka kama mtu anayepeleka mkate kwa mkuu wa mkoa. Kwenye mwinuko wawili kati yao walishuka wakasukuma. Mimi sikushuka. Nilikanyaga kama ninavyokanyaga wiki ya kufungua shule, sare zimejaa mpaka dirishani na wazazi wamepanga foleni nje. Niliwapita, na Mungu anisamehe, niliwapigia kengele. Kwenye kona zote mkono wa kulia ulikaa kwenye kitambaa cha zambarau.

Niliiacha baiskeli uani kwa kanisa nikaanza kukimbia. Mbio zilinikuta bila kitu. Mapaja yalikuwa mazito, nguo ilikuwa imekaukia mwilini, na ile hali ya malkia ilikuwa imebaki kwenye mwinuko. Kuzunguka Mbotela yote kwa miguu si mchezo. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Watu walikuwa wametoka nje na beseni za kufulia. Mama wa mboga alinipungia fungu la sukuma. Wewe ulinifuata upande wa pili wa barabara, mkono mfukoni, na niliona unajizuia usivuke. Asante kwa hilo. Najua lilikuwa gumu kuliko kukimbia.

Muda ulikuwa umetupita. Nilipokata kona ya mwisho niliona watu wa ibada ya pili wameshafika, na kwaya imejipanga langoni kuingia kwa maandamano. Majoho yale, Nekesa. Zambarau kwa zambarau, kila mkono nilioushona, kila kola. Na mimi nakuja mbio kutoka upande ule mwingine nikiwa na kitambaa kile kile, ila changu kimeishia magotini.

Mama Mchungaji alikuwa mbele. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

“Mama Nekesa! Joho lako limeliwa na nani?”

Baba Shiku ndiye aliyeanza. Alitoa ile sauti yake ya chini, wengine wakaidaka, akina mama wakapiga vigelegele, na kwaya nzima ikaachana katikati, nusu huku nusu huku, nikapita kati yao kama bibi arusi aliyechelewa. Mama Mchungaji mwenyewe alivua shali yake akanifunika mabega, na alikuwa anacheka machozi. Mwalimu Odera aligonga ule upatu wa kanisa. Nilikuwa wa mwisho kabisa, wengine walikuwa wameshakunywa chai, na sijawahi kushangiliwa vile hata siku nilipoolewa.

Nimeishi miaka hii yote nikiutumia mwili kama punda wa kukodi. Nimeubebesha, nimeunyima, nikaukasirikia ulipoanguka. Jumapili iliyopita, langoni pale, niliupenda. Nilijisemea, kumbe ulikuwa unaweza haya yote. Natamani ningejua mapema, nikiwa na umri wako, kwa hivyo nakuambia wewe uliye na umri wako.

Halafu ukaja wewe. Hukunikumbatia. Watu walishangaa, lakini mimi nilikuwa nakungoja ufanye hivyo hivyo ulivyofanya. Ulinishika kifundo cha mkono ukahesabu, midomo ikicheza. Ukanikalisha kwenye ngazi ya kanisa, ukasubiri nipoe, ukatoa mashine yako ya presha kwenye mkoba, ukanifunga mkononi. Kwaya ikanyamaza. Nadhani hakuna maombi yaliyosikilizwa kwa makini katika uwanja ule kama vile mashine ile ilivyosikilizwa ikivuta pumzi. Ukaangalia. Ukaangalia tena.

“Iko sawa,” ulisema. “Mathe, iko sawa kuliko yangu.”

Kisha ukaifungua mkononi mwangu, ukaikunja, ukaizungushia waya wake taratibu, ukaniwekea mapajani.

“Shika. Utakuwa unajipima mwenyewe.”

Uliinuka ukaenda kulitoa gauni langu kwenye sanduku la mkate, limejaa harufu ya mkate, na nilipokuwa nalivaa juu ya zambarau yangu ndipo nilipolia. Niliimba ibada nzima nikinukia mkate. Nilikuwa nimeshinda, mama. Lodwar ilikuwa imekuchukua na nilikuwa nimeshinda, na sikuwa na shida yoyote na mambo hayo mawili kukaa pamoja kifuani.

Sasa nikuambie kuhusu ule woga, kwa sababu niliuona na sitaki ufikiri umeuficha. Nenda nao. Mimi niliingia nao majini na hata sasa ninao. Siku ya kwanza utafanya kosa fulani, na litakuwa kosa la mtu wa Mbotela, mkono wako utatafuta kitu ambacho huko hakipo, na watu watacheka. Wacheke. Muulize anayejua, hata akiwa mdogo kwako. Mimi nilifundishwa kupumua na mtoto niliyemzaa. Na siku utakapoona vigae viko mbali, geuka chali kwanza, mengine yatafuata.

Usipande kilima kila jioni kunipigia simu. Panda ukiwa na hadithi. Mimi nitakuwa najaribu mwili wangu na Mwalimu Odera kila Jumamosi, na vijana wale wa baiskeli nyembamba wameniambia tutakutana kwenye mwinuko. Baba Shiku amesema sanduku sasa halitoki hata likitaka kutoka, ni la historia.

Jioni hii, kabla sijashika kalamu, nilijipima. Peke yangu, mkono juu ya meza, miguu chini, bila kuongea, kama unavyonikaripia kila mara. Iko sawa. Chumvi pia nimeirudisha nyuma ya picha ya baba yako, kwa hiari yangu.

Chini kabisa ya begi lako, chini ya zile sare ambazo sasa zimetoka ukutani, nimeweka magauni mawili. Nimeyashona wiki hii ukiwa umetoka kuaga. Ni ya pamba nyepesi, mifuko mikubwa ya kutia mkasi na glavu, mikono mifupi. Wanasema joto la huko si la mchezo. Utakapoyavaa, geuza pindo uangalie ndani. Nimeyakagua mara nyingi na mkono wangu uliumia kuyaachia, lakini nimeyaachia hivyo.

Hayana bitana.

Mama yako,
wa mwisho kufika